Mwalimu yupo, lakini kwenye karatasi

Mwezi uliopita niliingia darasa la tatu katika shule moja ya serikali hapa Busia, upande wa Uganda, nikamkuta mvulana wa miaka 10 ameketi benchi la nyuma kabisa. Mwalimu wa darasa akaniwahi kabla sijauliza: "Huyo ni mzito, Madamu. Usijisumbue."

Nikamtoa nje, chini ya mwembe. Nikasimama nyuma yake umbali wa mkono mmoja ili asione midomo yangu, nikamziba sikio la kushoto kwa kidole, nikanong'ona maneno matatu ya Kisamia, lugha ya kwao. Kimya. Nikabadilisha sikio: akarudia maneno mawili kati ya matatu. Nilipoinama karibu nikasikia harufu. Usaha ulikuwa umemkaukia shingoni, upande wa kulia. Mzito wapi! Mtoto alikuwa hasikii.

Kipimo hicho hakihitaji mashine wala shahada, kinahitaji dakika tano tu. Na dakika tano ndizo hazipo shuleni. Wazazi huniuliza, "Si shule hii ina mwalimu wa elimu maalumu?" Inaye. Saa ile alikuwa darasa la tano, mbele ya watoto 80 na ushei, akifundisha hesabu za sehemu kwa chaki iliyokwisha nusu.

Mambo yalivyo ni hivi. Walimu wa msingi huajiriwa na tume ya utumishi ya wilaya, ndani ya kiasi cha mishahara kilichowekwa na serikali kuu. Shule ya kawaida hugawiwa walimu kwa kuangalia madarasa na wingi wa wanafunzi. Mwenye diploma ya elimu maalumu akipangiwa huko anajaza nafasi ya mwalimu wa darasa, na aliyejaza nafasi ya darasa atafundisha darasa. Kwenye ripoti wilaya inahesabu mwalimu maalumu mmoja, na hesabu hiyo si uongo. Lakini hakuna mstari unaouliza: kwa wiki anakaa saa ngapi na watoto wenye ulemavu wenyewe?

Wengi wetu, walimu wa elimu maalumu, tulisomea Kyambogo. Zamani kulikuwa na taasisi ya taifa ya elimu maalumu, UNISE, ambayo mwaka 2003 iliunganishwa na vyuo vingine viwili kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Mafunzo yalikuwa mazuri, sina malalamiko. Nilijifunza kuandika breli, maandishi ya nukta ya wasioona, kwa mashine na kwa kibao na msumari, nikajifunza lugha ya alama. Niliporudi nyumbani nikakabidhiwa darasa la pili, mtihani, zamu ya lango na ufunguo wa stoo. Mashine ya breli ilikuwa humo stooni, juu ya magunia ya mahindi, vitufe viwili vimekwama kwa vumbi. Breli ni nukta sita. Mashine isiyopiga nukta mbili haiandiki, inabahatisha.

Watoto wenyewe waliitwa waje. Elimu ya msingi bila ada ilipoanza mwaka 1997, serikali ilianza na watoto wanne kwa kila familia, na mwenye ulemavu alitakiwa kuwekwa wa kwanza. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, na wazazi walioficha watoto ndani wakawatoa. Ila kumfikisha mtoto benchini ni jambo moja, na kumpa mtu wa kumshughulikia akishaketi ni jingine.

Mpakani kuna pia utata wetu. Mtoto kiziwi aliyeanza shule upande wa Kenya akihamia kwa shangazi huku, anakuja na lugha ya alama ya Kenya. Ya Uganda ni lugha nyingine. Watu husema, "Alama ni alama tu, ataelewa." Jaribu kumfundisha hesabu kwa Kiluganda Msamia aliyezoea Kiswahili, kisha uniambie.

Mzazi, kama mtoto wako yuko darasa la saba na haoni vizuri au hasikii, usingoje mtihani wa Novemba. Baraza la mitihani, UNEB, hutoa karatasi za breli, za maandishi makubwa, wakalimani wa alama na dakika 45 za ziada, lakini shule lazima itaje hali ya mtoto wakati wa kumsajili. Nimeshaona mtihani wa kawaida ukiwekwa mbele ya msichana mwenye uoni hafifu kwa sababu hakuna aliyejaza sehemu ile ya fomu. Aliinamia karatasi mpaka pua ikagusa meza.

Turudi kwa mvulana. Tulimpeleka kituo cha afya na mama yake, akapewa dawa ya matone. Mama akaonyeshwa kusokota kitambaa safi cha pamba na kukausha sikio kwanza, maana dawa ikitiwa juu ya usaha haifiki inakotakiwa. Mafuta ya kupikia, aliyokuwa akimtilia, akakatazwa. Darasani nikamhamishia benchi la mbele upande wa kulia, ili sikio la kushoto, lenye nafuu, limwelekee mwalimu. Hilo halikugharimu hata shilingi.

Kisha nikaketi na mwalimu mkuu na ratiba yake. Sikumwomba mwalimu mpya. Hana wa kunipa, na wilaya pia haina. Nilimwomba vipindi viwili kwa wiki ambavyo mwalimu maalumu hatapewa darasa, mwalimu wa michezo awachukue wale 80 uwanjani. Alikuna kichwa, akafuta, akaandika kwa penseli: Jumanne na Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza kipindi kililiwa na kikao cha wazazi. Ya pili nilimpigia mwalimu simu saa nne. Akanong'ona, "Madamu, niko na watoto wangu watatu hapa," akakata.