Kufundisha riwaya ya hazina kwa watoto 80 na kitabu kimoja

Mwaka 1881 Robert Louis Stevenson alichora ramani ya kisiwa cha kubuni, na riwaya ya Kisiwa chenye Hazina ikazaliwa kutokana na mchoro huo. Kitabu kilipokuwa kinaandaliwa ili kichapishwe mwaka 1883, ramani iliyopelekwa kwa wachapishaji haikufika. Ikabidi mwandishi asome upya hadithi yake mwenyewe, aorodheshe kila mahali alipopataja, kisha achore tena kwa kufuata maandishi. Kwangu mimi zoezi bora la riwaya hii ni hilo hilo alilolazimika kulifanya mwenyewe: toka kwenye maneno, nenda kwenye karatasi. Zoezi ambalo mtoto anaweza kulimaliza bila kurudi kitabuni ni mapumziko, liitwe hivyo.

Kabla ya yote, hesabu sura. Riwaya ya asili ina sura 34, lakini nakala nyingi zilizoko shuleni zimefupishwa. Hakikisha tukio unalolitaka limo, usije ukapanga kipindi juu ya ukurasa ambao haupo.

Ramani sasa. Ifunike ile iliyochapwa kitabuni. Nakili kwa mkono sentensi zinazokitaja kisiwa, toa kopi mbili za A4, kata kila moja vipande vinne: makundi manane ya watoto kumi kumi yametosheka. Kisiwa kina urefu wa maili 9 hivi na upana wa maili 5, kimekaa kama joka nene lililosimama, kina bandari mbili zilizokingwa na nchi kavu na kilima cha Spy-glass katikati. Kuna misalaba mitatu ya wino mwekundu: miwili upande wa kaskazini, mmoja kusini-magharibi. Kipimo kiwe sentimita 5 kwa maili 1. Mchoro utakuwa wa sentimita 45 kwa 25, unaoenea kwenye karatasi ya manila na nafasi ya maelezo ikabaki. Kila kitu kinachochorwa kiandikiwe namba ya sentensi iliyokileta. Kisichokuwa na namba kinafutwa.

Kinachoharibu zoezi hili ni kalamu za rangi. Ukizigawa mwanzoni, dakika 40 zinaishia kwenye papa na minazi. Zitoe dakika kumi za mwisho. Na makundi yakitofautiana mahali pa bandari, usiamue wewe. Wasomeane sentensi mpaka upande mmoja ukubali. (Habari ya kuchovya karatasi kwenye chai ionekane kuukuu naiacha. Inakula kipindi kizima, na upepo wa Dodoma wa kiangazi utazipeperusha kabla hazijakauka.)

Kipindi cha pili ni uwanjani: watoto wanafuata maelekezo ya upande na umbali kuitafuta hazina. Dira hakuna, jua lipo. Simika kijiti cha mita 1 asubuhi, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri dakika 20, weka jiwe la pili. Mstari kutoka jiwe la kwanza kwenda la pili unaelekea mashariki. Usitumie ile kanuni ya vitabu vya Ulaya kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta: mwezi wa Juni kivuli cha adhuhuri kinalala kusini, Desemba kinalala kaskazini. Umbali upimwe kwa kamba yenye fundo kila mita, kwa sababu hatua za watoto wa Darasa la Tano hazilingani na ugomvi hauishi.

Mwisho wa maelekezo kuwe na shimo, na shimo liwe tupu. Ndivyo ilivyo kitabuni: maharamia wanafika wanakuta kumeshachimbwa. Ukiweka pipi umepotosha hadithi, tena umewaalika watoto 80 kwenye shimo moja. Weka kikaratasi chenye swali: nani aliihamisha hazina, na ni wapi mwandishi alitudokezea? Jibu linawarudisha kwa Ben Gunn, aliyetelekezwa kisiwani miaka mitatu akiota jibini. Jibini usiigeuze ugali. Waulize wao wangeota chakula gani, waandike sentensi tatu.

Shida kubwa ya huku bara ni maneno ya bahari. Wengi wa watoto hawa maji mengi waliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Mtera, na mitumbwi yake haina sitaha. Chora jahazi kwa chaki sakafuni, hatua 12 kwa 4: omo mbele, shetri nyuma, mlingoti katikati, nanga ubavuni. Taja neno, mtoto akimbilie mahali pake. Dakika kumi tu, ila zifanyike kabla ya kusoma safari. Zikija baadaye utakuwa umeshachoka kufafanua.

Kwenye jahazi hilo hilo weka pipa la matufaha, yaani meza iliyofunikwa khanga. Mtoto mmoja, ambaye hajaisoma sura hiyo, anajificha chini yake awe Jim Hawkins, mvulana anayeisimulia hadithi. Wawili wanasoma kwa sauti ya chini mazungumzo ya Long John Silver, mpishi wa meli aliye kiongozi wa maharamia, na wenzake wakipanga uasi, nusu ukurasa usizidi. Jim akitoka anatoa taarifa kwa nahodha, na darasa linalinganisha na kitabu: alichosikia, alichoongeza, alichoacha. Hapo ndipo wanapoelewa kwamba msimulizi ni mtu, anajua yale tu yaliyomfikia. Wasomaji wakipiga kelele zoezi limekufa, kwa hiyo wafanyishe jaribio mara moja.

Doa jeusi, ambalo kitabuni maharamia humpa mtu wanayemshutumu, nalo ni rahisi: kiduara cha karatasi, upande mmoja mkaa, upande wa pili shutuma moja dhidi ya mhusika, pamoja na ukurasa wake. Sharti ni moja, nalo halina mjadala: doa hupewa mhusika wa kitabuni, kamwe si mwanafunzi mwenzako. Bila sharti hilo, kufika saa nne watoto watakuwa wanatishana chooni.

Madoa yale yakusanywe, ndiyo ushahidi wa kesi ya Silver. Mshtakiwa hayupo, kwa kuwa mwishoni anatoroka na mfuko wa fedha, kwa hiyo hukumu inasomwa mbele ya kiti kitupu. Mashtaka watu kumi, utetezi kumi, waliobaki ni wazee wa baraza. Kila mtoto atataka kushtaki. Wape utetezi wale wanaosoma vizuri zaidi, maana wao ndio wenye kazi ngumu, ya kutafuta kurasa ambazo Silver alimlinda Jim. Hoja isiyo na ukurasa haisikilizwi hata ikipigiwa makofi.