Takwimu ya msaada si hesabu ya fedha iliyotufikia

Kila OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, inapotoa takwimu za misaada, maneno ni yale yale: "Wametangaza mabilioni, sisi hatujayaona, basi yameliwa." Wizi upo, sikatai. Lakini takwimu ile haijawahi kupima fedha iliyofika kwetu. Inapima kile ambacho serikali tajiri inaruhusiwa kukiita msaada, na sehemu yake haitoki nje ya nchi yake.

Vigezo ni vya Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya OECD, DAC. Fedha iwe ya serikali. Nchi inayopokea iwe kwenye orodha (Shelisheli iliondolewa 2018 kwa kuwa na kipato cha juu). Lengo kuu liwe maendeleo na ustawi wa nchi hiyo. Na kama ni mkopo, uwe wa masharti nafuu. Silaha hazihesabiwi. Kufundisha polisi kazi za kawaida za kiraia kunahesabiwa. Hapo hakuna ugomvi mkubwa.

Ugomvi uko kwenye wakimbizi. Chakula na malazi ya mkimbizi aliyefika Ulaya huhesabiwa kuwa msaada kwa miezi 12 ya kwanza. Mwaka 2022 Uingereza ilitumia hivyo karibu asilimia 29 ya msaada wake wote, ndani ya Uingereza. Kumhifadhi mkimbizi ni wajibu, nami nautetea. Ila kigezo kinasema lengo kuu ni maendeleo ya nchi maskini, na bado sijapata hoja ya kuniridhisha inayounganisha gharama ya hoteli ya London anamolala mkimbizi wa Sudan na maendeleo ya Sudan yenyewe.

Sasa mikopo, ambayo watu huirukia haraka mno. Hadi takwimu za 2017, mkopo ukifikisha sehemu ya ruzuku (tofauti kati ya mkopo na thamani ya leo ya malipo yake yote) ya asilimia 25, kwa kiwango cha punguzo (asilimia ya kila mwaka ya kushushia malipo ya baadaye hadi thamani yake ya leo) cha asilimia 10, ulihesabiwa wote, kisha marejesho yakatolewa kadiri yalivyolipwa. Tangu takwimu za 2018 inahesabiwa ile sehemu ya ruzuku tu, na viwango hutofautiana. Nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwemo: punguzo asilimia 9, na ruzuku isipungue 45. Nchi za kipato cha kati cha chini, kama Kenya: punguzo 7, ruzuku isipungue 15.

Chukua mkopo wa dola milioni 100 kwa serikali, riba asilimia 3 kila mwaka, deni lenyewe lilipwe lote mwaka wa 10. Ukiwa wa Kenya, thamani ya leo ya malipo yote ni kama milioni 71.9. Ruzuku ni 28.1, imevuka 15, kwa hiyo milioni 28.1 zinaandikwa kuwa msaada. Mkopo huo huo ukipewa Tanzania, malipo yana thamani ya milioni 61.5 na ruzuku ni 38.5. Ni kubwa kuliko ya Kenya, lakini haijafika 45, basi inaandikwa sifuri. Kwa kanuni ya zamani zingeandikwa milioni 100 pande zote mbili. Fedha iliyoingia hazina haikubadilika hata senti.

Nia ya kizingiti cha 45 ni njema: nchi maskini zisibebeshwe madeni ya gharama kwa jina la msaada. Viwango vya 9 na 7 ndivyo vinavyonitia shaka. Viko juu kiasi kwamba riba za dunia zikiwa chini, serikali tajiri inaweza kukopa kwa asilimia 1, ikakukopesha kwa 3, ikapata faida na bado ikaandikiwa msaada.

Kwa hiyo ukitaka kujua kilichoifikia nchi yako, acha jumla ya kichwa cha habari. Fungua hifadhidata ya CRS ya OECD, ambamo kila mradi una mstari wake. Chagua nchi yako, kisha safu ya fedha zilizotolewa, si ahadi. Ondoa mistari yenye alama E02: ni gharama za masomo ya wanafunzi wetu katika vyuo vya wafadhili, na fedha hubaki huko huko. Ukiwa unachambua jumla ya mfadhili, ondoa pia msimbo 93010, wa wakimbizi walio nchini mwake. Mikopo itenge na ruzuku kamili, yaani fedha zisizorejeshwa. Kinachobaki ndicho cha kumuuliza waziri wako.