Bastle si kasri

Nimekutana tena na picha ya bastle, nyumba kongwe ya mawe ya Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, na chini yake pameandikwa "kasri dogo la mkulima". Ni mara ya tatu sasa, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Bastle ni nyumba ya shamba iliyojengwa kwa kujihami: zizi chini, watu juu, kuta za mawe zenye unene wa mita moja hivi, na vitundu vyembamba badala ya madirisha. Nyingi ni za kati ya 1550 na 1650, karibu na mpaka wa Uskoti, ambako koo za pande zote mbili zilikuwa zikiibiana ng'ombe usiku. Basi, ndiyo hiyo.

Herufi t ya neno bastle haitamkwi, kwa hiyo linapatana kwa sauti na castle, neno la Kiingereza la kasri, na hapo ndipo wengi huteleza. Asili yake ni bastille ya Kifaransa, yaani jengo la ngome, kama lile gereza la Paris lililovamiwa mwaka 1789. Harufu ya vita ipo, sikatai. Lakini mkulima wa Tynedale, bonde la huko Northumberland, hakuwa na askari wala mizinga. Alichotaka ni mlango ustahimili usiku ule mmoja mpaka majirani wafike.

Linaloniudhi zaidi ni kuiita bastle "mnara wa pele". Mnara wa pele ni mrefu, orofa tatu au zaidi, wa mwenye ardhi au wa kasisi. Ule wa kasisi wa Corbridge, mji mdogo wa Northumberland, wa karne ya 14, ulijengwa kwa mawe yaliyochukuliwa kwenye magofu ya Warumi. Na pele (si za ngozi) chanzo chake ni palus ya Kilatini: kigingi. Kigingi kikawa ua wa miti, kisha jina likauhamia mnara wenyewe. Sisi tusishangae. Boma letu nalo lilikuwa wigo, likawa ngome, na leo watu wanafunga ndoa bomani pasipo na hata mti mmoja wa wigo.

Nikiri kwamba wakaguzi wa mpaka wa mwaka 1541 nao walilitumia neno bastle kiholela, na maana finyu ya leo ilikazwa na ripoti ya Tume ya Kifalme ya majengo ya kihistoria ya 1970. Hata hivyo, atakaye kulifasiri, "nyumba ya shamba ya kujihami" inatosha. Na ile ngazi ya mawe ya nje, inayosifiwa kwenye picha kama fahari ya kasri, kwa bastle nyingi iliongezwa baadaye, hali ilipotulia. Mwanzoni walipanda kwa ngazi ya miti, kisha wakaivuta juu.