"Hawakumlenga yeye" haifuti kesi

Jamani hili leo nalisema kwa urefu maana nimechoka kulisikia. Mtu anakuja ofisini hapa Dodoma, mdogo wake alikuwa anauza nyanya sokoni, polisi wakawa wanamkimbiza mtuhumiwa, risasi ikampata dogo gotini, na kabla sijauliza chochote ananiambia wakili hapa hakuna kesi, hawakumlenga yeye, ni bahati mbaya tu, tunaomba utuandikie barua ya msaada wa matibabu.

Hapana! Kutolengwa ni jambo moja, kuwajibika ni jambo lingine kabisa. Kwenye madai ya uzembe hatuulizi kama askari alikukusudia, tunauliza je, askari makini angefyatua pale, kwenye watu wale, kwa sababu ile? Kama mtuhumiwa alikuwa na bunduki anawafyatulia watu, kesi yako inaweza kuwa ngumu, nakwambia ukweli. Lakini kama alikuwa anakimbia na simu ya wizi mkononi na njia imejaa akina mama na vikapu vyao, hapo askari ana la kujibu na serikali kama mwajiri wake ina la kujibu, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, ipo kwa ajili hiyo. Hata kwenye jinai, kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu nia ovu hata kama aliyekufa sio aliyekusudiwa.

Kinachoniuma ni kwamba watu wanakaa nyumbani na hiyo "bahati mbaya" huku muda unakatika. Unatoa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndo unafungua Mahakama Kuu, na huyo Mwanasheria Mkuu lazima umuunganishe, ukimsahau kesi inaharibika. Na siku 90 sio ukomo wa kushtaki kama wengi wanavyodhani, ni muda wa kuisubiri serikali. Ukomo uko kwenye sheria nyingine, madhara ya kawaida ni miaka 3, ila fidia ya kitendo kinachodaiwa kufanywa kwa kutekeleza sheria ni mwaka 1 tu, kwahiyo mteja wangu yeyote namwambia ahesabu mwaka mmoja, asinisumbue na hiyo mitatu.

Alafu soma PF3 yako, ile fomu ya polisi ya matibabu! Naletewa fomu imekunjwa kunjwa, mtu ana tundu la risasi pajani, fomu imeandikwa "ajali". Irekebishwe mapema, na daktari kwenye sehemu yake aandike jeraha la risasi, imeingilia mwilini wapi na imetokea wapi. Kama unavuja damu hospitali kwanza, fomu itafuata, na kama unaogopa kituo kilekile chukua kituo kingine.

Maneno mengine ninayoyasikia nayapitia haraka. "Askari hashtakiwi": aliyemuua mwandishi Daudi Mwangosi kule Nyololo, Iringa, 2012, alifungwa miaka 15 mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa wa polisi Christopher Bageni kwa mauaji ya 2006 ya wafanyabiashara wa madini wa Mahenge na dereva teksi aliyekuwa amewabeba tu.

"Akishapiga hewani, inayofuata ni halali." Nani kawaambia? Onyo ni sharti mojawapo, ulazima wa kufyatua bado unahojiwa palepale, na risasi ya hewani nayo inarudi chini kwa watu.

"Simjui askari kwa jina." Sio lazima. Thibitisha ilitoka kwa polisi waliokuwa kazini: saa, sare, namba ya gari.

"Alikuwa anatafuta nini pale?" Hili linanikera sana. Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Februari 2018 alikuwa ndani ya daladala pale Kinondoni, maandamano hayakumhusu, risasi ikamkuta kwenye siti.

Hela ya wakili huna? Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora makao yake yako hapahapa Dodoma na kulalamika ni bure, ila hawachunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwahiyo anza nao kabla hujafungua kesi. Nenda na PF3 pamoja na majina na namba za mashahidi wawili, na hao watafute wiki hiyohiyo, wafanyabiashara wa sokoni wanahama.