"Isiyo na magari" si "magari hayapo leo"

Juzi nimelikuta tena jina hilo, katika maelezo ya safari ya baiskeli ya vijijini kando ya bahari: kilomita 60 za changarawe, "njia isiyo na magari". Chini yake palikuwa na picha nzuri kweli, bahari upande mmoja na mashamba upande wa pili. Lakini katikati ya njia ulipita ukanda wa nyasi, na kila upande wa nyasi hizo palikuwa na mfuo mpana wenye mistari ya tairi la trekta, bado mbichi. Hiyo ni barabara. Trekta lilikuwa limeshapita tu wakati picha inapigwa.

Maana yenyewe ni fupi. Njia ya baiskeli isiyo na magari ni njia iliyotengwa kwa wanaosafiri bila injini, gari haliruhusiwi kuingia, na kwa kawaida kuna nguzo au lango la kulizuia. Ikiitwa ya changarawe, basi uso wake ni vijiwe vilivyoshindiliwa, si lami wala udongo mtupu. Ni hayo tu, na hakuna anayeshindwa kuyaelewa. Shida ni kwamba maneno yale yale yanabebeshwa mambo matatu tofauti.

Sarufi yetu inachangia. Kirejeshi kikikanushwa kwa "-si-", wakati hupotea. Aliyekuja, anayekuja na atakayekuja, wote watatu ukiwakanusha hivyo wanakuwa "asiyekuja". Kwa hiyo "njia isiyo na magari" inaweza kuwa njia ambayo magari hayapo sasa hivi, au ambayo hayapiti mara kwa mara, au ambayo hayaruhusiwi kabisa. Anayeandika huwa amepita siku moja asubuhi akakuta pametulia, naye anasema kweli kwa maana ya kwanza. Anayesoma, hasa mwenye mtoto au mzee wa kuandamana naye, anachukua ile ya tatu.

Mimi niliwahi kuichukua ile ya tatu. Nilikwenda kwenye njia iliyoelezwa hivyo na mpwa wangu wa miaka minane, aliyekuwa na wiki mbili tu tangu tumwondolee magurudumu ya pembeni. Kwa muda wa saa nzima maelezo yalikuwa sahihi. Halafu kwenye kona likatokea lori la mchanga, na mtoto alikuwa katikati ya njia, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia huku anaweza kwenda katikati. Dereva aliwahi kufunga breki. Hakuwa na kosa lolote, ile ilikuwa barabara yake. Mtoto alisimama na mguu mmoja chini, mikono imeng'ang'ania usukani, na vumbi lilipotua bado alikuwa hajaachia.

Tangu siku hiyo siwezi kusikia mtu akisema "magari ni machache sana, ni sawa tu na kusema hayapo" nikanyamaza. Si sawa. Dereva anayepita barabara tupu kila siku bila kukutana na mtu hategemei kukutana na mtu, na mwendo wake unafuata hivyo. Uchache wa magari hupunguza idadi ya mara utakazopishana nayo. Kasi yake, upana wa njia na kona zisizoonyesha mbele vinabaki vilevile.

Njia zilizotengwa kweli zina maana iliyoandikwa. Barani Ulaya huitwa njia za kijani, na Azimio la Lille, Ufaransa, la Septemba 2000 lilizieleza kuwa ni njia za mawasiliano zilizotengwa kwa safari zisizo za injini pekee, zenye upana, mwinuko na uso unaowafaa watu wa kila uwezo. Nyingi zimejengwa juu ya reli zilizoachwa, kwa sababu treni haipendi mlima. Tuta la reli hupanda kidogo kidogo, na kando ya bahari mara nyingi lilifuata ufuko na midomo ya mito. Kule Cornwall, Uingereza, treni ya mwisho ya abiria kati ya Wadebridge na Padstow ilipita mwaka 1967, na leo palipokuwa na mataruma kuna njia ya Camel Trail, inayoambatana na mdomo wa mto Camel hadi karibu na bahari. Magharibi mwa Ireland, Great Western Greenway inatoka Westport kwenda Achill, zaidi ya kilomita 40, ikifuata reli iliyofungwa mwaka 1937. Sehemu kubwa inapita kwenye mashamba ya watu walioridhia ipite, kwa hiyo utakuta malango, na utakuta ng'ombe. Njia hizo pia hukatana na barabara, na Camel Trail ikifika mjini Wadebridge inaingia mitaani kwa muda. Hilo haliharibu jina lake, mradi lisemwe wazi ni wapi.

Mkanganyiko wa pili ni kudhani kwamba changarawe yenyewe ni dalili ya kutokuwa na magari. Hapana. Mchezo wa baiskeli za changarawe umekulia hasa kwenye barabara za magari. Mashindano maarufu ya Emporia, Kansas, yaliyoanza mwaka 2006, hupita kwenye barabara za mashambani ambazo wakulima na wafugaji wanazitumia kila siku. Changarawe inakueleza kilichopo chini ya tairi. Haikuelezi nani mwingine yupo njiani.

Na hata hicho kilicho chini ya tairi tunakitaja ovyo. Barabara ya udongo, ambayo wengi huiita ya vumbi, ni ardhi iliyochongwa tu. Mvua ikinyesha inakuwa tope. Barabara ya changarawe imeletewa vijiwe, ikasambazwa, ikashindiliwa, ikapewa mgongo ili maji yaende pembeni. Wajenzi wanajua tofauti hiyo bila kufundishwa, lakini kwenye maelezo ya safari kila kisicho lami kinaitwa changarawe, na mtu anafika na tairi nyembamba mbele ya kidimbwi cha tope.

Hapa kuna jambo ninalolipenda kuhusu neno lenyewe. Kiingereza husema "gravel", na neno hilo lilitoka katika Kifaransa cha kale, "gravele", kitoto cha neno lililomaanisha ufuko wa mchanga na mawe. Ndugu yake aliyebaki katika Kifaransa cha leo ni "grève", ufuko, ambalo ndilo pia neno lao la mgomo wa wafanyakazi: mjini Paris palikuwa na uwanja kando ya mto Seine ulioitwa Place de Grève, ambako wasio na kazi walikusanyika kusubiri kuajiriwa. Kwa hiyo neno lenyewe limezaliwa ufukoni.

Ila changarawe ya ufukoni ndiyo mbaya kuliko zote kwa baiskeli. Okota vijiwe viwili pwani uvisuguanishe kiganjani: vinateleza, maana mawimbi yameviviringisha hadi havina kona. Kisha chukua kokoto mbili zilizopondwa machimboni. Zinakwaruza ngozi, na ukizibana pamoja zinakamatana. Njia nzuri ya changarawe hutengenezwa kwa mawe ya namna hii ya pili, yakichanganywa na chenga na vumbi lake lenyewe, yakalowanishwa na kushindiliwa mpaka chenga zijaze nafasi zote. Hapo uso unakuwa mgumu kiasi kwamba kiti cha magurudumu kinapita. Mwaga vijiwe vya mviringo pekee, hata viwe vizuri namna gani kwa macho, na gurudumu la mbele litazama na kuyumba kama unaendesha juu ya kunde.

Basi ukimweleza mwenzako njia uliyoipenda, na magari ni ya kuhesabika, mwambie "magari ni machache", na umtajie ni ya aina gani: trekta, lori la mchanga, gari la maziwa alfajiri. Ikiwa yamekatazwa, sema "magari hayaruhusiwi", kisha useme ni kutoka lango gani hadi lango gani. Na ukipita mahali asubuhi moja usikutane na gari hata moja, sema hivyohivyo: nilipita asubuhi, sikukutana na gari.