Malaika wa Blythburgh walipigwa risasi na nani?

Ndani ya kanisa la parokia la Utatu Mtakatifu, kijijini Blythburgh, Suffolk, mashariki mwa Uingereza, malaika wa mbao wamepangwa wawiliwawili chini ya paa, wamepeana migongo na kutandaza mabawa. Kanisa hili kwa sehemu kubwa ni la karne ya 15. Baadhi ya malaika wana matundu ya risasi.

Dhana: Ni kazi ya Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali na maadui wa sanamu.

Lawama humwangukia Mpuritani William Dowsing, na si bure. Alipewa kibali cha kuvunja sanamu makanisani, akafika hapa Aprili 1644, na shajara yake inasema aliagiza makerubi 20 washushwe. Aliagiza tu, habari ya bunduki haimo. Paa liko juu sana, na yaelekea hakuna aliyejisumbua kupanda. Hesabu za kanisa za mwaka 1761 ndizo zinazofichua jambo: kuna malipo ya baruti na marisau kwa watu waliowinda kunguru wadogo waliojaa kanisani. Malaika waliumia kwa kusimama njiani. Dowsing ana madhambi yake mengine ya kutosha, hili tumwondolee.

Dhana: Alama nyeusi za moto mlangoni ni kucha za shetani aliyeingia kwa umbo la mbwa.

Dhoruba iliyozaa hadithi hiyo ilikuwepo kweli. Tarehe 4 Agosti 1577, watu wakiwa ibadani, radi ilipiga, mwanamume mmoja na mvulana wakafa. Mbwa mweusi aliongezwa na mwandishi Abraham Fleming katika kijitabu kilichochapishwa London. Masimulizi ya Holinshed, kitabu cha historia cha zama hizo, yanaitaja dhoruba hiyohiyo bila mbwa yeyote. Alama zenyewe zinafanana na zile zilizopo katika majengo mengi ya kale ya Uingereza, zilizochomwa makusudi kwa ndimi za mishumaa, yamkini kama kinga dhidi ya moto na pepo wabaya. Kama ndivyo, basi zinazoitwa kucha za shetani ziliwekwa ili asiingie.

Dhana: Makanisa ya zama zile yalikuwa mawe matupu na nyuso za huzuni.

Paa la Blythburgh bado lina mabaki ya rangi zake za awali. Na kwenye ncha za mabenchi mafundi walichonga dhambi kubwa bila haya: Ulafi ameshika tumbo lililofura, Uvivu yuko kitandani.