Barabara nyeupe: ninavyotafuta njia tulivu za baiskeli vijijini Ufaransa

Waendesha baiskeli wanaopanga kuja Ufaransa huniuliza swali moja kuliko yote: "Njia isiyo na magari iko wapi?" Wanataka niwatajie jina, waliingize kwenye simu, waanze safari. Majina yapo. Ipo La Loire à Vélo, karibu kilomita 900 kufuata mto Loire hadi Atlantiki. Ipo La Vélodyssée, inayoshuka pwani ya magharibi kutoka Roscoff hadi mpaka wa Hispania. Ipo njia ya kando ya mfereji wa Canal du Midi. Ila mimi hupangia njia watu wa baiskeli za mbio, wenye tairi nyembamba na hamu ya kwenda kilomita 100 kabla ya jioni, na hao huwaambia kitu kingine: tafuta barabara ambayo gari halina sababu ya kuipita.

Njia zilizotengwa, zile Wafaransa wanazoziita voie verte, ni nzuri kwa kazi yake. Magari hayaruhusiwi kabisa. Lakini ni mali ya kila mtu asiye na injini: mama na kigari cha mtoto, mzee na mbwa wake, mpanda farasi, mtoto anayejifunza baiskeli na kuyumba kushoto kulia. Ukipita pale Jumapili ya Agosti kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, hatari ni wewe. Tena si zote zina lami. Canal du Midi ukitoka Toulouse, kilomita 50 hivi za mwanzo ni laini kama unavyotaka. Ukishapita hapo ni udongo, vijiwe na mizizi ya miti, na baiskeli ya mbio itakuadhibu.

Barabara ndogo za vijijini ni jambo jingine, na zipo nyingi kupita kiasi. Ufaransa ina zaidi ya kilomita milioni 1 za barabara. Zile kuu za mwendo kasi, autoroute, ni kama kilomita 12,000 tu. Sehemu kubwa ya zinazobaki ni za komuni, yaani serikali ndogo za vijiji na miji, ambazo ni takriban 35,000 nchi nzima. Sheria ya mwaka 1836 ilizilazimisha komuni kutunza njia zinazounganisha vijiji. Enzi hizo mashambani kulijaa watu. Baadaye watu wakahamia mijini na viwandani, barabara zikabaki, zikatiwa lami, na hadi leo zinatunzwa kwa ajili ya nyumba tatu, trekta moja na gari la posta. Huo ndio utajiri wetu sisi wa baiskeli.

Sasa namna ya kuzipata. Kwenye ramani za karatasi za Michelin, barabara kubwa ni nyekundu, za daraja la pili ni njano, na zilizobaki ni nyeupe. Mimi huanzia kwenye nyeupe. Nikiona nyeupe inayounganisha vijiji viwili, najiuliza: je, vijiji hivyo hivyo vimeunganishwa pia na njano au nyekundu? Kama ndiyo, dereva mwenye haraka atachukua hiyo nyingine, na nyeupe inabaki yangu. Kama nyeupe ndiyo njia pekee kati ya mji wenye supamaketi na mtaa wa nyumba mpya, basi saa kumi na moja jioni utakutana na wote wanaotoka kazini, kila mmoja akiijua kona kwa moyo na kuikata bila kupunguza mwendo. Angalia pia kama kuna machimbo ya mawe, kiwanda cha mbao au ghala la nafaka mwisho wa barabara. Lori moja linalokwenda na kurudi siku nzima linaharibu safari kuliko magari madogo ishirini.

Baada ya ramani nafungua picha za barabarani kwenye intaneti na kutafuta mstari mweupe wa katikati. Barabara isiyo na mstari huo kwa kawaida ni nyembamba mno, na mwenye kuitunza hakuona magari ya kutosha hata apoteze rangi. Ukiona na majani yameota katikati ya lami, furahi. Lakini tazama pia mwezi picha ilipopigwa, na kumbuka kwamba majira ya joto mafundi humwaga kokoto ndogo juu ya lami mpya na kuacha magari yaikandamize. Bango lake limeandikwa gravillons. Ukikutana nalo kwenye mteremko, shika breki kabla ya kona, si ndani ya kona.

Nichukue mfano wa kusini mwa Bourgogne, eneo la mashariki ya kati ya Ufaransa, kati ya miji midogo ya Givry na Cluny. Pale kuna reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli mwaka 1997, ya kwanza nchini kuitwa voie verte. Ina lami nzuri, kilomita 44 karibu zote tambarare, maana treni haikupenda milima. Sambamba nayo inakwenda D981, barabara ya magari ya eneo hilo. Watalii wote wanajazana reli, magari yote yanajazana D981, na hakuna anayetazama vilima vilivyo pembeni.

Hebu tuvitazame. Upande wa mashariki, kwenye bonde la mto Saône, barabara kuu ya A6 inabeba magari ya masafa kati ya kaskazini na kusini, na D906 inabeba ya miji iliyo kandokando. Upande wa kusini, N79 inabeba malori yanayotoka Mâcon kwenda magharibi. Kila aina ya gari imeshapewa pake. Katikati kunabaki Chapaize na kanisa lake la karne ya 11, kunabaki ngome ya Brancion juu ya kilima, na kati yake vijia vya lami vya upana wa gari moja, ukuta wa mawe upande huu, ng'ombe weupe wa Charolais upande ule. Hutembei hapo kwa mwendo wa reli: ni panda shuka, panda shuka. Alama ndogo za mishale kwenye ramani ya Michelin zisipuuzwe. Mshale mmoja ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, miwili ni 9 hadi 13, na mitatu, beba gia ndogo na unyenyekevu.

Saa nayo ni sehemu ya njia. Barabara ile ile si ile ile saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Kuanzia saa sita hadi saa nane Ufaransa ya vijijini inakula, na unaweza kupita vijiji vinne usione gari. Ubaya wake ni kwamba duka nalo limefungwa, kwa hiyo nunua mkate kabla ya saa sita, na usiiamini Jumatatu, maana waokaji wengi hupumzika siku hiyo. Jumapili ina faida yake: malori ya zaidi ya tani 7.5 kwa kawaida hayaruhusiwi barabarani kuanzia Jumamosi saa nne usiku hadi Jumapili saa nne usiku.

Maji? Makaburini. Najua wengine mtakunja uso, lakini karibu kila kijiji kina makaburi, na makaburi yana bomba la kumwagilia maua. Soma kwanza kibao: eau non potable maana yake usinywe. Funga lango ukitoka.

Magari machache hayamaanishi magari ya polepole. Nje ya miji kikomo cha barabara hizi tangu Julai 2018 ni kilomita 80 kwa saa, ingawa baadhi ya wilaya zimerudisha 90 kwenye sehemu fulani. Dereva anatakiwa akuachie mita moja na nusu anapokupita nje ya mji. Na kwenye njia panda isiyo na kibao, anayetoka kulia ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama kijia chake kinaonekana kama cha kuingilia shambani.

Anayeniuliza aje lini namwambia Mei au Juni. Septemba ina hali ya hewa nzuri, lakini kwenye mizabibu ya Bourgogne ndiyo kawaida yake msimu wa kuvuna, na zile barabara nyeupe zinajaa matrekta na magari madogo ya wavunaji. Kuanzia vuli hadi mwisho wa Februari ni msimu wa kuwinda. Kwenye njia za msituni vaa rangi kali. Na anayetaka kuunganisha Cluny na Mâcon kupitia reli ya zamani wakati wa baridi ajue kwamba handaki la Bois Clair, lenye urefu wa kilomita 1.6 hivi, hufungwa kwa ajili ya popo. Itabidi apande juu ya kilima.